Kamba Ni Zile Zile

Mjomba wangu alikuwa fundi mwashi mjini Morogoro, na likizo ya mwezi wa Juni nilipokuwa darasa la sita nilikwenda kukaa kwake, nikawa nashinda naye kazini nikimshikia ncha ya tepu na kumchotea maji ya kunywa. Asubuhi moja tulifika kwenye kiwanja kilichokuwa kimefyekwa juzi yake, akaanza kuseti msingi wa nyumba ya mita 12 kwa 9. Jambo nililoliona kwenye kona moja ya kiwanja kile limekaa nami hadi leo ninapofundisha hisabati, na ndilo linalonifanya niandike juu ya somo ambalo wengi hulipita mbio: pembe zinazopatikana pale mistari miwili inapokatana.

Kwa asiyewahi kuitazama kazi hiyo kwa karibu, ni vyema nieleze. Fundi hachimbi mtaro wa msingi kwa kukadiria kwa macho. Kwanza anapigilia vigingi nje ya eneo la nyumba, mita moja na nusu hivi kutoka mahali kona itakapokuwa, juu ya vigingi anaweka ubao mfupi wa mlalo, na juu ya ubao anagonga msumari. Kutoka msumari huo hadi mwenzake wa upande wa pili anavuta kamba, na anaivuta hadi ilie inapoguswa kwa kidole. Kila ukuta una kamba yake. Na kwa kuwa vigingi viko nje, ili wachimbaji wasiving'oe, kamba haziishii kwenye kona. Zinakutana hapo, zinapishana, na kila moja inaendelea na safari yake hadi kwenye msumari wake. Kwa hiyo kila kona ya nyumba, kabla haijawa kona, ni mahali ambapo kamba mbili zinakatana, na mahali hapo huwa pana pembe nne, wala si moja.

Kwenye kona ya tatu palikuwa na kisiki cha mwembe. Kilikuwa upande wa ndani, mahali ambapo sebule ingekuwa, kimeinuka kiasi kwamba tepu isingeweza kunyooshwa kutoka kamba moja hadi nyingine bila kupinda. Nilidhani tungesimama tungoje shoka. Mjomba hakungoja. Alivuka kamba, akaenda kuchuchumaa upande wa nje, katika kile kipande kidogo cha ardhi kilichobaki kati ya makutano na vigingi, akatia alama ya penseli sentimita 60 kutoka makutano kwenye kamba moja, na alama nyingine sentimita 80 kwenye kamba ya pili. Kisha akaninyooshea ncha ya tepu niishike kwenye alama ya kwanza, akapima hadi ya pili. Alikuwa anatafuta mita moja kamili, nasi tukapata mita moja na sentimita moja. Akanyanyuka, akaenda hadi mwisho wa kamba moja, akausogeza msumari kidogo, akarudi kupima. Alifanya hivyo mara tatu, hadi tepu ikasoma mita moja bila kuzidi wala kupungua.

Nikamwuliza, "Mjomba, mbona unapimia nje wakati nyumba itakuwa ndani?"

Akanijibu bila kuinua kichwa, "Kamba ni zile zile, mjomba."

Nilidhani amenijibu kwa mkato kwa sababu ana kazi. Ilinichukua miaka mingi kutambua kwamba maneno yale manne ni uthibitisho kamili wa kanuni ya hisabati, tena uthibitisho mzuri kuliko ule ninaouandika ubaoni.

Muhula uliofuata, darasani, mwalimu alitufikisha kwenye kanuni hiyo hiyo kwa njia nyingine. Alichora mistari miwili iliyokatana, akatuambia tuichore kwenye madaftari yetu namna yoyote tupendavyo, kisha tuzipime pembe zote nne kwa kipimapembe. Nilipima kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu kipimapembe kilikuwa cha rafiki yangu na zamu yangu ilikuwa fupi. Nikapata nyuzi 57, nyuzi 122, nyuzi 58 na nyuzi 123. Nilizijumlisha zikawa 360, nikafurahi. Mwalimu alipopita akaniwekea mkasi mwekundu, akaandika pembeni kwamba pembe zinazotazamana, yaani zile zinazokabiliana kwenye makutano bila kupakana, ni sawa, na akanitaka nirekebishe. Nilifuta 57 nikaandika 58, nikafuta 123 nikaandika 122, na safari hii nikapata vema. Darasa zima tukaimba kanuni kwa sauti moja: pembe zinazotazamana ni sawa.

Simlaumu mwalimu yule kwa kuwa na haraka, maana darasa lilikuwa limejaa na muhtasari ulikuwa mrefu. Ninalolisikitikia ni kwamba siku ile nilifundishwa kubadilisha vipimo ili vifanane na kanuni, bila kuambiwa kanuni yenyewe imetoka wapi. Vipimo vyangu havikuwa vibaya. Penseli ina unene, kipimapembe cha plastiki kina mistari yake, jicho nalo huinama upande huu au ule, na mtoto wa miaka 12 anayekosea kwa uzi mmoja amepima vizuri sana. Hata mtu angekuwa na chombo kinachosoma sehemu ya elfu ya nyuzi, bado angepata tofauti ndogo mahali fulani. Usawa wa pembe zile haupatikani kwa kupima. Unapatikana kwa kufikiri, na kufikiri kwenyewe si kwa muda mrefu.

Chora mstari AB, kisha mstari CD unaoukata kwenye nukta O. Sasa jifanye umesimama pale O ukiitazama A. Geuka polepole, upande wa C, hadi uwe unaitazama B. Umegeuka nusu mzunguko, yaani nyuzi 180, kwa sababu A na B ziko kwenye mstari mmoja mnyoofu na wewe uko katikati yake. Na njiani umeipita C. Kwa hiyo pembe AOC na pembe COB zikijumlishwa ni nyuzi 180. Anza upya, safari hii ukiitazama C, ukageuke upande ule ule hadi uitazame D. Hapo nako umegeuka nusu mzunguko, na njiani umeipita B, kwa hiyo COB na BOD zikijumlishwa ni nyuzi 180. Pembe COB imo katika safari zote mbili. Iondoe katika ya kwanza, itabaki AOC. Iondoe katika ya pili, itabaki BOD. Umetoa kitu kile kile katika viwili vilivyokuwa sawa, basi vilivyobaki haviwezi kutofautiana.

Hakuna mahali tulipotumia kipimapembe, na hakuna mahali tulipouliza kama pembe ni kali au butu. Tulichokitegemea ni kwamba mistari ni minyoofu, na kwamba ni miwili tu. Ndiyo maana nasema mjomba alikuwa amekwisha kulimaliza suala. Mtu anayesimama kwenye makutano ya kamba mbili akitazama ndani ya nyumba, kisha akageuka nyuma kabisa, anajikuta ana kamba zile zile kulia na kushoto kwake, na sasa anaitazama pembe ya nje. Ukiugeuza mchoro wote nusu mzunguko kwenye nukta O, kila mstari unarudi kulala juu yake wenyewe, na pembe iliyokuwa ndani inafunika pembe iliyokuwa nje. Kamba hazikubadilika, basi na pembe haikubadilika.

Mkasi wa fundi cherehani unaonyesha jambo hili vizuri. Ukitanua mahali pa kushikia, makali nayo yanatanuka kwa kiasi hicho hicho. Ukiyabana yanabana, kwa sababu ni vipande viwili tu vya chuma vilivyofungwa kwa riveti moja. Hakuna namna ya kufungua upande mmoja ukauacha mwingine.

Kanuni hii ni ya zamani mno, na historia yake imenifundisha kuwatazama wanafunzi wangu kwa macho mengine. Proclus, mwanafalsafa wa Kigiriki wa karne ya 5 baada ya Kristo, aliandika ufafanuzi wa kitabu cha kwanza cha Euclid, mwanahisabati wa Kigiriki, na humo anasema, akimtegemea Eudemus aliyekuwa mwanafunzi wa Aristotle, kwamba mtu wa kwanza kuligundua jambo hili alikuwa Thales wa Mileto, mji uliokuwa kwenye pwani ya nchi tunayoiita leo Uturuki. Thales aliishi karibu miaka 600 kabla ya Kristo. Lakini Proclus anaongeza neno ambalo mimi hulirudia kila mwaka mbele ya darasa: kwamba Thales aliligundua, ila uthibitisho wake wa kitaalamu ulitolewa na Euclid. Kati ya watu hao wawili kuna takriban miaka 300. Euclid, aliyefanya kazi Aleksandria nchini Misri karibu mwaka 300 kabla ya Kristo, aliiweka kanuni hiyo kuwa ya 15 katika kitabu chake cha kwanza, na aliithibitisha kwa kuegemea ya 13, inayosema kwamba mstari ukisimama juu ya mstari mwingine, pembe mbili zinazopakana hapo ni pembe mraba mbili au ni sawa na pembe mraba mbili. Ndiyo njia ile ile ya kutoa kitu kimoja katika viwili vilivyo sawa niliyoieleza hapo juu.

Kuona kwamba jambo ni kweli na kujua kwa nini ni kweli ni hatua mbili, na wanadamu wenye akili nyingi walikaa karne kadhaa kati ya hatua ya kwanza na ya pili. Mtoto anayeona kwa macho kwamba pembe mbili zinafanana, lakini hajaweza kueleza kwa nini, yuko mahali alipokuwa Thales. Hapo si mahali pa aibu. Lakini si mahali pa kumwacha pia.

Msomaji makini atakuwa ameona kwamba Euclid hasemi nyuzi 180. Anasema pembe mraba mbili. Katika kitabu chake hakuna nyuzi hata moja. Kugawa mzunguko katika sehemu 360 ni urithi wa Babeli, ambako watu walihesabu kwa makundi ya sitini, na sisi tumeupokea kwa sababu 360 inagawanyika kwa urahisi kwa namba nyingi. Euclid alihitaji kipimo kimoja tu, pembe mraba, na namna alivyoieleza ni ya kustaajabisha. Hakusema ni pembe ya kona ya sanduku, wala hakusema ni robo ya mzunguko. Alisema kwamba mstari ukisimama juu ya mstari mwingine na kufanya pembe mbili zinazopakana ziwe sawa, kila moja ya pembe hizo ni mraba. Yaani pembe mraba inatambuliwa kwa kulinganishwa na jirani yake.

Maelezo hayo yanaweza kuonekana kama maneno ya vitabuni, lakini seremala huyatumia karakana. Seremala ana guni, kile kipande cha ubao na chuma anachokiegemeza kwenye mbao ili apige mstari wa mraba. Siku guni likianguka sakafuni, atajuaje kama bado ni zima? Hana guni jingine la kulipimia, na hata angekuwa nalo, nani angelipima hilo la pili? Anachofanya ni hiki. Anachagua ubao ulionyooka ukingoni, anaegemeza guni, anapiga mstari mwembamba kwa penseli. Kisha analigeuza guni kama mtu anayegeuza chapati kwenye kikaango, analiegemeza kwenye ukingo ule ule kutoka upande wa pili, analisogeza hadi nukta ya mwanzo ya mstari, na anapiga mstari mwingine. Mistari miwili ikilaliana ikawa mmoja, guni ni zima. Ikiachana, guni limepinda.

Kwa nini? Kwa sababu mstari wa kwanza umetoa pembe fulani upande mmoja wa ukingo, na guni lililogeuzwa limetoa pembe hiyo hiyo upande wa pili. Kama pembe hiyo ni mraba, mbili zinatosha kabisa kuujaza ukingo mnyoofu na hakuna nafasi inayobaki. Kama guni limefinyika likawa nyuzi 89, upande huu kuna 89 na upande ule kuna 89, jumla 178, na nyuzi 2 zilizosalia zinaonekana wazi kati ya mistari miwili ya penseli. Mstari mnyoofu unadai nyuzi zake 180 na hausamehe hata moja. Tena kosa linajionyesha maradufu: uzi mmoja wa kosa umefungua mwanya wa nyuzi mbili, na kwenye mstari wa sentimita 30 mwanya huo unafika karibu sentimita moja nzima, jambo ambalo jicho haliwezi kulikosa. Nimewahi kulifanya jaribio hili mbele ya wanafunzi kwa guni lililopinda nililoazima kwa fundi jirani, na kimya kilichoingia darasani baada ya mstari wa pili kupigwa kilinifurahisha kuliko makofi.

Kwa shule zisizo na guni wala vipimapembe, karatasi inatosha. Chukua karatasi yoyote, hata ile iliyochanika kingo zote, ikunje mara moja popote pale na uibane mkunjo wake kwa ukucha. Mkunjo huo ni mstari mnyoofu. Sasa ikunje tena, ukihakikisha kwamba mkunjo wa kwanza unalala juu yake wenyewe. Kona uliyoipata ni pembe mraba, kwa sababu umeugawa mstari mnyoofu katika pembe mbili ambazo zimelaliana, na zilizolaliana ni sawa. Ikunjue yote utazame: mikunjo miwili imekatana, kuna pembe nne, na zote nne ni mraba ingawa ulilinganisha mbili tu.

Nirudi kwenye kiwanja, maana kuna swali ambalo wanafunzi wazuri huniuliza nikifika hapa. Kama pembe zote nne ni mraba, basi mjomba angeweza kupimia pembe yoyote ya nje, si lazima ile inayotazamana na kisiki. Ni kweli. Kona ya nyumba ikiwa mraba, pembe zote tatu zilizobaki zina habari moja. Lakini kuna viwanja, hasa vile vinavyopakana na barabara iliyokatisha mshazari, ambavyo ukuta wa uzio unapaswa kufuata pembe ya nyuzi 70 au 110. Hapo fundi akipimia pembe ya jirani badala ya ile inayotazamana atapata 110 alipotaka 70, na asipotambua kosa lake ataujenga ukuta ukielekea kwa jirani. Ndiyo maana napenda mwanafunzi ajue mambo mawili kwa pamoja, kwamba zinazotazamana ni sawa na kwamba zinazopakana hukamilisha mstari mnyoofu, na ajue kuwa la kwanza limezaliwa na la pili.

Kuhusu ile pembetatu ya sentimita 60, 80 na 100, mafundi huijua kama tatu-nne-tano, na inatoa pembe mraba kwa sababu tatu mara tatu ni 9, nne mara nne ni 16, na 9 na 16 ni 25, yaani tano mara tano. Mjomba alikuwa anaiamini, lakini si ikiwa ndogo hivyo. Pembetatu ndogo huficha makosa. Hata kwa pembetatu kubwa ya mita 3, 4 na 5, ukikosea sentimita 2 tu katika ule upande wa mita 5, pembe yako itakuwa imepotoka karibu nusu ya uzi mmoja, na ukuta wa mita 12 utakaofuata pembe hiyo utafika mwisho ukiwa sentimita 10 nje ya mahali pake. Kwa hiyo baada ya kona nne kuonekana sawa, tulivuta tepu kutoka kona hadi kona kimshazari, kwanza mshazari huu, kisha ule. Nyumba ya 12 kwa 9 lazima isome mita 15 kote kuwili. Ilisoma 15 kwenye mmoja na ikapungua sentimita moja kwenye mwingine, mjomba akasogeza msumari mmoja upana wa ukucha, tukapima tena.

Mshazari ule ni somo lingine, na nitalieleza kidogo kwa sababu ni tawi la mti huu huu. Ukivuta kamba ya mshazari juu ya kamba mbili za kuta ndefu, ambazo ni sambamba, unapata makutano mawili, na kila makutano yana pembe nne, jumla pembe nane. Kwenye nyumba ile, kamba ya mshazari inafanya pembe ya karibu nyuzi 37 na ukuta mrefu. Ukishaijua hiyo moja, umezijua zote nane: nne ni 37 na nne ni 143. Zile 37 mbili za ndani, zilizokaa pande mbili tofauti za mshazari, ndizo wanafunzi huzikumbuka kwa umbo la herufi Z.

Hapa, hata hivyo, kuna tofauti kubwa ambayo vitabu vya shule hupita juu yake. Usawa wa pembe zinazotazamana unategemea unyoofu wa mistari peke yake. Usawa wa pembe za Z unahitaji kitu cha ziada, na Euclid alilijua hilo: alipofika kwenye kanuni ya 29 ndipo alipolazimika, kwa mara ya kwanza katika kitabu chake, kulitumia lile dai lake la 5, jambo aliloomba likubaliwe bila uthibitisho, kuhusu mistari inayoelekeana hadi ikakutana. Ukitaka kuona tofauti hiyo, toka kwenye karatasi uje kwenye tufe la dunia. Chukua ikweta, inayopita karibu na Nanyuki nchini Kenya, na mistari miwili yoyote ya longitudo inayoikata. Kila longitudo inaikata ikweta kwa pembe mraba, na kwenye karatasi mistari miwili inayokata mstari mmoja kwa pembe mraba haikutani kamwe. Kwenye tufe inakutana, tena inakatana kwenye ncha ya kaskazini. Sheria za mistari sambamba zimevunjika. Lakini itazame hiyo mistari miwili pale pale inapokatana kwenye ncha: imefanya pembe nne, na zinazotazamana bado ni sawa. Kanuni ya Z imeachwa kwenye karatasi, ile ya kamba mbili imefika hadi ncha ya dunia.

Na bado pembe za Z zilitumika kuupima ukubwa wa tufe hilo hilo. Eratosthenes, aliyekuwa mkuu wa maktaba ya Aleksandria katika karne ya 3 kabla ya Kristo, alijua kwamba katika mji wa Syene, ambao leo ni Aswan, jua la adhuhuri katika siku ndefu kuliko zote za mwaka husimama utosini, likamulika hadi chini ya kisima. Siku hiyo hiyo Aleksandria kivuli kilionyesha kwamba jua limeinama sehemu moja ya 50 ya mzunguko, yaani nyuzi 7 na kidogo. Miali ya jua ni sambamba, kwa kuwa jua liko mbali mno. Mstari unaotoka katikati ya dunia kupita Aleksandria unaikata miali hiyo kama kamba ya mshazari inavyozikata kamba za kuta, kwa hiyo pembe ya kivuli kule juu ni sawa na pembe iliyo katikati ya dunia kati ya miji hiyo miwili. Umbali kati yao ulihesabiwa kuwa stadia 5,000, stadia ikiwa kipimo cha urefu cha Wagiriki. Akauzidisha kwa 50, akapata mzunguko wa dunia wa stadia 250,000. Yote haya yalifanyika ndani ya Misri, bila mtu kulazimika kuvuka mipaka yake.

Kitabu cha Euclid kilihamia Kiarabu mjini Baghdad, ambako al-Hajjaj ibn Yusuf ibn Matar alikitafsiri katika zama za makhalifa Harun al-Rashid na al-Ma'mun. Huwa nalikumbuka hilo ninapoandika ubaoni nukta, mraba, duara na hisabati, maneno ambayo Kiswahili kiliyapata kutoka lugha hiyo. Lakini pembe ni neno letu la Kibantu, lile lile la pembe ya ng'ombe, na kipimo chake tumekiita nyuzi, kama vile waliotupa msamiati huo walikuwa wamesimama kwenye kiwanja cha mjomba.

Nafundisha kidato cha kwanza, na kwa wengi wa wanafunzi wangu huo ndio mwaka wa kuhama kutoka Kiswahili cha shule ya msingi kwenda Kiingereza cha sekondari. Wanafika na wimbo wa pembe zinazotazamana, na kabla hawajajua sababu yake wanapewa wimbo wa pili wenye maana ile ile katika lugha mpya. Kwa hiyo kipindi cha kwanza cha mada hii sikifanyii darasani. Tunatoka nje na kamba za katani, vigingi na nyundo, na ninawataka waeleze kwa maneno yao wenyewe, kwa Kiswahili, kabla hatujaandika jina lolote.

Mwaka jana, kundi moja lilikuwa limemaliza kazi yake mapema. Msichana mmoja alivuta kamba ya tatu akaipitisha kwenye makutano yale yale, akaja kuniuliza, "Mwalimu, zikiwa tatu inakuwaje?" Nikamwambia apime anachokitaka, ila apime kidogo iwezekanavyo. Walipima pembe moja wakapata nyuzi 40, wakakaa wakaitazama, wakaona haitoshi. Wakapima iliyopakana nayo, nyuzi 75. Hapo yule msichana akaweka kipimapembe chini, akafuata kamba moja kwa kidole kutoka mwisho huu hadi mwisho ule, akasema ya tatu ni 65 kwa sababu kamba ni nyoofu, na tatu za upande wa pili ni hizo hizo. Mwenzake akamwuliza zikiwa kamba nne watapima ngapi. "Tatu," akajibu, na akaanza kutafuta kigingi kingine.